Kipimo cha Yona

Jumatatu, 9 Juni

Matangazo ya asubuhi yametoka salama. Vifo viwili, mbuzi aliyepotea Unyambwa, mnada wa keshokutwa. Nimeyaweka kwenye seva saa moja na nusu, mtangazaji wetu Hamisi ameyasoma hewani saa mbili, nami nimemsikia kwa redio ya dukani huku nakunywa chai ya maziwa. Siku ya ishirini na nne ya ndoa yangu.

Yona yuko Mkiwa tangu jana, kampuni yake inafunga madishi ya intaneti huko. Mume wangu. Naandika tena: mume wangu. Napenda tu kuliona neno hilo kwenye karatasi. Jana wakati wa kuondoka alirudi mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alisahau kofia. Mara ya pili hakusahau kitu.

Mchana nimepandisha seva kwenye toleo jipya. Kazi hiyo ilikuwa inasubiri tangu kabla ya harusi. Seva ni moja, iko chumba cha nyuma cha duka, lakini ndani yake kuna makontena matatu: la muziki, la matangazo, la habari. Ni kama wapangaji watatu kwenye nyumba moja isiyo na mlango wa pili. Kila kinachoingia au kutoka lazima kipitishwe na mwenye nyumba, yaani seva yenyewe. Studio iko Unyambwa, inavuta kila kitu kutoka hapa.

Katikati ya kazi skrini ikaniuliza jambo. Yona akapiga simu wakati huohuo. Nikabonyeza Y, nikaendelea kucheka naye. Sikumbuki skrini iliuliza nini.

Seva ikazima, ikawaka. Makontena hayakuwaka.

Bwana Dinesh, mwenye duka na mwenye redio, akaja kuuliza mbona Hamisi analalamika hana muziki. Nikamwambia tatizo liko nje, kwenye kiungo cha hapa hadi studio. Madishi mawili, moja juu ya paa letu, lingine Unyambwa. Aliyafunga Yona mwezi wa pili, ndipo tulipojuana.

Nilisema hivyo ili nipate nusu saa ya kutengeneza bila mtu kunisimamia. Nusu saa haikutosha.

Jumanne, 10 Juni

Hamisi anapiga nyimbo kutoka kwenye simu yake. Anazo sita. Hadi saa sita mchana tumezisikia zote mara nne. Msikilizaji wa Ulemo amepiga kuuliza kama redio imefiwa. Hamisi akamjibu hewani: "Hapana mama, tumeoa. Fundi wetu yuko fungate, mashine nazo zimeenda naye."

Duka zima limecheka. Mimi pia nimecheka. Sauti ilitoka tu.

Nimepata kosa la kwanza. Toleo jipya limebadilisha majina ya mipangilio ya mtandao ndani ya makontena. Maneno ya zamani haliyatambui, kwa hiyo lilikataa kuyawasha. Nimebadilisha mstari kwa mstari, kontena la kwanza, la pili, la tatu. Yamewaka. Kila moja limepata anwani yake. Nikiwa kwenye seva nayaona yote matatu, yananijibu.

Nikampigia Hamisi ajaribu. Hakuna. Studio inaiona seva, haiyaoni makontena.

Kwa hiyo najua sasa. Kiungo ni kizima. Kisingekuwa kizima, studio isingeiona hata seva.

Nilitaka kumwambia Bwana Dinesh. Nilipofika kaunta alikuwa anakata simu. Ameshawapigia kampuni ya Yona na kulalamika. Nikarudi chumba cha nyuma.

Jumatano, 11 Juni

Yona amekuja na pikipiki kutoka Mkiwa, uso mzima vumbi. Amenishika mkono mbele ya wateja, hakuona haya. Siku nyingine ningeandika kurasa mbili kuhusu mkono huo.

Amepanda paa la duka. Upepo ulikuwa ule wa mwezi wa sita, unaopuliza mabati mpaka yanalia. Nilimshikia ngazi. Akapima, akashuka, akaenda Unyambwa, akapanda mnara, akapima tena. Akarudi saa tisa akamwambia Bwana Dinesh kwamba kiungo hakina tatizo, kipimo kinasoma vizuri pande zote mbili.

Bwana Dinesh akamwambia: "Sasa bwana harusi, mkeo ndiye fundi wangu, na mkeo anasema kiungo kibovu. Nimwamini nani nyumbani kwenu?"

Yona akanitazama. Mimi nikatazama kibodi.

Akasema, "Kama Theresia amesema, basi kuna kitu sijakiona. Nitaangalia tena."

Aliniamini mimi kuliko kipimo chake mwenyewe. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma. Sikusikia kitu. Ni kama kuguswa mkono uliolaliwa.

Jioni nimepika ugali wa uwele na mlenda. Amekula, amesifu. Amelala mapema, miguu inamuuma kwa kupanda.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeangalia daraja linalounganisha makontena na seva. Lipo. Nimelifuta, nimelijenga upya. Nimeangalia kanuni zinazoelekeza kila ombi kwenye kontena lake. Zipo zote, nimezisoma kwa kidole. Nimezima ukuta wa ulinzi, nimejaribu, nimeuwasha. Ombi kutoka studio linafika kwenye seva na linaishia hapohapo. Hakuna ujumbe wa kosa. Ningepata hata tusi ningeshukuru.

Hamisi ameongeza nyimbo mbili. Anasoma vifo kutoka kwenye karatasi ninayompelekea kwa bodaboda. Leo amesoma jina la marehemu vibaya kwa sababu ya mwandiko wangu, na ndugu wamekwenda studio. Hawakugombana. Mzee mmoja alisema tu kwamba marehemu alikuwa na jina lake, asomewe hilo. Hamisi amesoma tena, taratibu. Nilikuwa nasikiliza nimesimama.

Mchana Yona amepigiwa na msimamizi wake. Amenieleza kwa utulivu, kama anasimulia habari za jirani. Mkataba wake wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi. Mteja akilalamika na kosa likathibitika ni la fundi, hawampi mkataba wa kudumu. Jumatatu aende ofisi ya kanda, Dodoma, na barua ya kujieleza.

Halafu akasema kesho atabadilisha waya wote wa mnara wa Unyambwa. Labda ni waya.

Nikasema labda.

Ijumaa, 13 Juni

Nimelipata saa tano asubuhi.

Mfumo unapopandishwa ukakuta faili ambalo fundi alilibadilisha zamani, unauliza: ubaki na lako, au niweke jipya? Y ni jipya. Lile la zamani halifutwi, linawekwa kando kwa jina lingine. Nikayaweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu. La zamani lina mstari mmoja unaoiambia seva ipitishe maombi ya wengine. Kwenye jipya mstari huo umefungwa. Basi. Mwenye nyumba aliambiwa asimpitishe mtu, na alitii siku tano.

Faili la zamani limeandikwa saa lilipowekwa kando: Jumatatu, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Nikafungua simu. Saa nane na dakika kumi, Yona. Tuliongea dakika tisa. Alikuwa ananieleza kwamba Mkiwa kuna mama anakaanga mihogo, akamwambia kwamba ameoa juzi, akaongezewa vipande viwili.

Nimerudisha mstari. Nimetoa amri moja. Redio ya dukani ikakata wimbo wa Hamisi katikati, kimya kidogo, kisha ukaingia wimbo mwingine kabisa, safi, kutoka kwenye kontena la muziki.

Hamisi amepiga kelele hewani. "Wasikilizaji, tumerudi! Shemeji Yona yuko juu ya mnara hapa nje, amekaza waya mpya sasa hivi, na mambo yamekubali! Shemeji, shuka taratibu, mke bado mpya!"

Bwana Dinesh ametoka kaunta na boksi la ladu, kagawa duka zima. Amenipa mbili.

Yona akapiga simu kutoka juu ya mnara, upepo umejaa ndani ya sauti yake. "Ilikuwa waya, mke wangu. Kosa ni langu, niliufunga mimi. Samahani nimekusumbua wiki nzima."

Nikamwambia ashuke.

Nimekula ladu zote mbili. Sukari, samli, iliki. Najua ni tamu kwa sababu najua ladu ni tamu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefua. Mashuka, mashati yake mawili, ovaroli. Maji yalikuwa ya baridi sana.

Mchana Yona ameketi mezani kuandika barua ya kujieleza. Ameandika, amekata, ameandika. Kisha akaniomba niinakili kwa mwandiko wangu kwa sababu wake ni mbaya na yeye kaishia kidato cha pili, mimi nimemaliza cha nne. Nikaketi. Nikaandika neno kwa neno alivyotaka: kwamba yeye, Yona, hakukaza kiungo cha waya ipasavyo mwezi wa pili, kwamba alipima mara mbili akasema ni kizima kwa uzembe, kwamba anaomba kusamehewa kwa kuwa ni mume mpya na ana familia ya kutunza.

Familia ni mimi.

Herufi zimekaa vizuri. Mistari imenyooka. Akaishika barua mbali kidogo kama mtu anayetazama picha, akasema hakuna mke kama wangu Singida nzima.

Nimewasha pasi ya mkaa, nimemnyooshea shati.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimeimba. Nimesalimia wazee wote, shikamoo, shikamoo, hadi mwisho wa benchi. Mama mkwe amenishika shavu akasema nimekonda, ndoa inanikubali vibaya. Wakacheka.

Tulipofika nyumbani nilimwambia kabla hajavua viatu. Nilisimama. Nilieleza tangu Y hadi mstari uliofungwa. Nilisema waya wake wa zamani ulikuwa mzima. Nilisema kipimo chake kilisema kweli mara zote mbili.

Aliuliza jambo moja: nilijua lini?

Nikajibu: kwamba si kiungo, Jumanne. Kosa lenyewe, Ijumaa saa tano.

"Na jana uliandika ile barua."

"Niliandika."

Akafunga kamba za kiatu ambazo hakuwa amezifungua. Akatoka. Akarudi saa kumi na mbili, amekwenda na kurudi kwa miguu hadi ziwani, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Nilikuwa nimeshaandika barua nyingine. Kwa jina langu, kwamba hitilafu ilikuwa ndani ya seva, niliifanya mimi na nikamdanganya mwajiri wangu. Niliweka saa na dakika. Niliiweka mezani juu ya ile yake.

Ameisoma akiwa amesimama. Hakuichukua.

Jumatatu, 16 Juni

Alfajiri meza ilikuwa tupu. Barua zote mbili hazipo, Yona hayupo. Sijui atawapa ipi.

Nimefika dukani kabla halijafunguliwa, nimemsubiri Bwana Dinesh kwenye ngazi. Nimemwambia yote kabla hajatoa funguo. Alisikiliza huku anapuliza mikono kwa baridi.

"Wewe bibi harusi," akasema. "Ungeniambia Jumatatu ile, Bwana nimeharibu, ningekasirika mpaka chai ya saa nne. Yangekwisha. Sasa hivi nikasirike mpaka lini? Nimempigia mtu simu nimemchafua kijana wa watu, na ladu nimegawa mimi."

Hakuinua sauti. Ameniambia nisiguse seva mwezi mzima ila kuweka matangazo. Nitakaa kaunta. Kisha kwa mkono wake mwenyewe amewapigia kampuni ya Yona, mbele yangu, akasema mkosaji ni mfanyakazi wake. Akataja jina langu, akalirudia polepole ili waandike.

Nimeuza misumari, rangi, kamba za kufungia magunia ya alizeti. Yona hajapiga.

Jumanne, 17 Juni

Kaunta. Hajapiga. Amelala kwa kaka yake Dodoma, nimeambiwa na mama mkwe. Hakuniuliza kitu. Ndiyo maana najua anajua.

Jumatano, 18 Juni

Amerudi kwa basi la mchana. Nilikuwa uani nachambua choroko. Alisalimia, akaweka begi, akanawa uso.

Aliwapa barua yangu. Ile yake aliichana kituo cha mabasi. Wamefuta lalamiko. Mkataba hawajampa wala hawajamnyima, wamemwongezea miezi mitatu ya majaribio, kwa sababu Ijumaa alishamwambia msimamizi kwa simu kwamba kosa ni lake, na fundi anayekiri kosa asilolifanya nao hawajui wamfanyeje. Amesema hayo akitazama ukuta wa jirani. Hakuniita mke wangu. Hakuniita jina.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbali kidogo.

Akasema hajaelewa. Ombi linafikaje kwenye seva na lisifike kwenye kontena, wakati vyote viko ndani ya boksi moja? Amekuwa akifikiria ndani ya basi toka Dodoma. Yeye anajua waya, na waya ukiingia mahali umeingia.

Nikaokota kijiti. Nikachora seva kwenye vumbi, mraba mkubwa. Ndani yake nikachora miraba mitatu midogo. Nikachora daraja. Nikamwonyesha mahali ombi linapoingia na mahali linapotakiwa kuulizwa linakwenda wapi.

Akasogeza ndoo.

"Hapa," akasema, ameweka kidole. "Hapa ndipo lilikuwa linafia?"

"Hapo."

"Na wewe ukanipandisha juu ya mnara."

"Ndiyo."

Upepo ukapita ukafuta upande mmoja wa mraba. Akauchora tena kwa kidole, akauliza swali lingine.