Samaki Mwenye Mashavu

Mume wangu mvivu wa kuandika,

Huku kambini mimi mzima, ila mpishi wetu anaunguza hata chai.

Juzi tulimpata mmoja wa wale samaki adimu tuliotumwa kuwatafuta mtoni kabla bwawa halijajengwa. Mashavu yalikuwa yamemvimba. Injinia wa bwawa akasema, "Huyo mgonjwa, usimhesabu." Bila huyo, matingatinga yangeingia wiki hii. Nikamweka kwenye beseni. Akafumbua mdomo, vikatoka vitoto vidogo kama punje za mchele. Injinia alipoinama kuvitazama, vikaogopa kivuli chake, vyote vikarudi mbio mdomoni mwa mama yao.

"Kumbe mzazi," akasema taratibu, akasogea nyuma.

Sasa uchimbaji umesimamishwa, na yeye ndiye anayewafokea madereva wasipige honi karibu na maji.

Nami nimefumba mdomo tangu nije huku. Mara ile tuliwahi mno kutangaza, na unajua yaliyotukuta. Safari hii nimesubiri mpaka daktari aliponitoa wasiwasi.

Kile kitanda kidogo ulichotaka kumpa dada yako, usikitoe.

Mkeo, mwenye mashavu