Msalimie Mwajuma

Ijumaa, baada ya Alasiri. Ghubra, huku Uarabuni. Hali ya hewa ni nzuri mno, ile ya sweta asubuhi na kulivua mchana, na mimi nina hasira kiasi kwamba hata huu upepo mzuri naona unanikebehi.

Jana tumefungwa mchezo wa kwanza wa fainali. Ni fainali ya taifa ya softboli ya wanawake wa vyuo, mchezo ambao nusu ya shangazi zangu mpaka leo wanadhani ni kurushiana mito. Atakayeshinda michezo miwili kati ya mitatu ndiye mwenye kombe, na wa pili ni kesho asubuhi. Tukifungwa tena, basi. Huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni, sina fainali nyingine ya kungojea.

Kufungwa nimezoea. Kilichonichoma ni namna tulivyofungwa.

Mimi ni mdakaji. Kazi yangu ni kuchuchumaa nyuma ya mpigaji wa timu pinzani na kumwambia mrushaji wetu, Nassra, arushe mpira gani, wa kasi au wa polepole. Wadakaji wengine huonyesha kwa vidole. Sisi vidole vilitushinda, kwa sababu Nassra haoni mbali, na lenzi zake za macho hazipatani na vumbi la uwanja wetu. Nikimwonyesha viwili yeye anaona vitatu. Mwisho tukaamua kupiga kelele tu, mbele ya kila mtu, kwa Kiswahili, na kwa maneno ya Bibi yangu.

Mpira wa kasi tuliuita Bwana Afya. Bibi husimulia kwamba zamani kwao Ng'ambo, Unguja, bwana afya akichomoza tu kichochoroni, kila mwenye pipa la maji lisilofunikwa alitimua mbio. Wa polepole tukauita Mwajuma. Huyo alikuwa jirani yake Bibi. Ukimtuma chumvi, mchuzi unaliwa chapwa ndipo anarudi. Nyumbani kwetu kila kinachochelewa ni Mwajuma: chai, foleni ya magari, mtandao ukikwama.

Wasichana wanaojua Kiswahili katika vyuo vya hapa wapo tele, makwao ni kama kwetu. Lakini hata ukijua Kiswahili kuliko Bibi mwenyewe, Mwajuma humjui. Mwajuma ni wa nyumba hii.

Jana tulifika zamu ya mwisho tukiongoza kwa pointi moja. Tulibakisha kumtoa mpigaji mmoja tu. Aliyekuja na gongo ni Shaima, mdogo wake mchumba wa dada yangu Zuwena. Yaani wifi yake mtarajiwa, msichana aliyekula biriani sebuleni kwetu siku ya posa na kunisifu viatu. Mwenzao mmoja alikuwa tayari uwanjani anangoja kukimbia.

Nikapiga kelele, "Mwajuma!"

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma yake, niliuona mguu wake. Mpigaji asiyejua kinachokuja huwahi kuuendea mpira. Shaima aliuegemea mguu wa nyuma, akatulia, akausubiri ule mpira wa polepole kama anayesubiri mgeni aliyepiga simu kwamba yuko njiani. Kisha akaupiga ukapita juu ya vichwa vya wote. Wakaingia wawili, pointi mbili, mchezo ukaisha.

Hapo bado sikushuku kitu. Nilijiambia ni bahati yake. Mpaka tulipopanga mstari kupeana mikono, akanishika mkono wangu, akatabasamu, na kuniambia kwa Kiarabu, "Sallimi ala Mwajuma."

Msalimie Mwajuma.

Dada alikuwa amekaa jukwaani upande wao, pamoja na wakwe, na birika la kahawa katikati. Hilo nilishamsamehe kabla mchezo haujaanza, bi harusi ana mambo yake. Mpira ulipopita nilimwona ameweka mkono mdomoni. Nilidhani ananionea huruma.

Leo asubuhi nilimuuliza, tukitandika vitanda vyetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinalala kitanda cha pili.

Hakukataa. Afadhali angekataa kwanza, nikapata nafasi ya kumgombeza. Alikaa kitandani akaniambia yote. Alipokwenda Qurayyat kwa wakwe, watu wazima walianza mizaha yao ile ya siku zote kwa sisi wenye asili ya Unguja, nyinyi Wazinjibari hivi, nyinyi Wazinjibari vile, hebu sema kitu kwa Kiswahili tusikie. Yeye akataka wacheke pamoja naye, wasimcheke yeye. Akawahadithia Mwajuma. Walicheka mpaka mama mkwe akafuta machozi.

Mpaka hapo ningemsamehe, wallahi. Hadithi ni hadithi. Lakini Shaima alimuuliza pale pale: hilo si ndilo neno analopiga kelele Asya uwanjani? Lina maana gani?

Dada akamwambia.

"Kaniuliza mbele ya watu, Asya. Ningesema nini?"

"Ungesema hujui."

"Kwao nnaonekana mgeni kwa kila kitu. Siku ile ndo mara ya kwanza walicheka na mimi. Na mchezo nlidhani ni mchezo tu, mdogo wangu."

Mchezo tu! Huyu ndiye aliyenirushia mpira wa kwanza maishani mwangu, ukumbini, kwa soksi iliyosokotwa, tukavunja glasi za mama na yeye akasema kavunja peke yake. Huyu ndiye aliyembembeleza baba mpaka akakubali nicheze. Angekuwa mtu mwingine yeyote aliyeniuza, ningelala usingizi wangu vizuri. Na sijui kinachoniuma zaidi ni kipi, kwamba alitoa siri yangu, au kwamba alimtoa Mwajuma wa Bibi kama kichekesho ili akubalike. Vyote viwili vinauma. Nimelia bafuni na maji yakiwa wazi, mama akagonga mlango akidhani bomba limepasuka.

Chakula cha mchana sikukila. Bibi hajui lolote, aliona tu sahani yangu haipungui, akauliza kulikoni. Nikamjibu kwa hasira zangu kwamba Mwajuma katufungisha.

Bibi akaweka kijiko chini. "Mwajuma yupi, huyu wangu? Mwajuma alikuwa hana haraka na mambo ya watu, mwanangu. Siku aloibiwa bata wake, alimfukuza mwizi toka Kikwajuni mpaka Darajani, kanga kaikamata mkononi, na bata karudi naye. Mtaa mzima tulitoka nje kutazama."

Watu walicheka mezani. Dada alicheka pia, halafu akanitazama akaacha. Mimi nilichukua simu nikamwandikia Nassra: kesho nikiita Mwajuma, rusha wa kasi; nikiita Bwana Afya, rusha wa polepole. Akanijibu kwa vikaragosi vya kucheka, mstari mzima. Hiyo ikawa siri yetu mpya. Niliiona tamu kuliko halua iliyokuwa mezani.

Imedumu mpaka Alasiri.

Nilimkuta dada anapiga pasi fulana yangu ya kesho. Sikumwomba. Alikuwa anapitisha pasi pembeni pembeni ya namba, taratibu, isibanduke. Bila kugeuka akaniuliza, "Kesho mtafanyaje sasa?"

Nami nikamwambia.

Sikukusudia. Sikuwa namjaribu, wala sikuwa nimemsamehe. Ni mdomo tu umezoea. Tangu nipate akili kila kitu changu namwambia yeye kwanza, na mdomo wangu haukuwa umepata habari kwamba mambo yamebadilika. Nilipomaliza kusema ndipo nikasikia nilichosema. Dada akasimamisha pasi, akanitazama mpaka kitambaa kikaanza kunuka moto.

"Kwa nini umenambia?" akauliza.

Nikachukua fulana nikaondoka.

Baada ya Magharibi wakwe wanakuja kumchukua kwenda kupima nguo ya harusi. Mama mkwe atakaa mbele. Nyuma atakaa dada na Shaima, bega kwa bega, kutoka hapa mpaka kwa fundi na kurudi. Shaima atauliza tu, namjua. Na safari hii dada anajua vizuri kwamba si mchezo tu.

Bado nina nafasi. Naweza kumpigia Nassra sasa hivi tugeuze tena, dada asijue. Nassra akisikia nimeropoka atanitafuna mbichi, na atakuwa na haki, kombe si langu peke yangu. Nimeishika simu muda mrefu, nimeiweka, nimeishika tena.

Sigeuzi. Niiteni mjinga.

Magharibi imepita, gari lao limeshapiga honi nje. Dada amepita mlangoni na buibui lake jipya, akashuka.

Kesho nitachuchumaa nyuma ya Shaima, nitaita Mwajuma, na nitautazama mguu wake wa nyuma. Ukisubiri wa polepole, bado nina dada. Usiposubiri, sijui nikirudi nyumbani nitalala chumba gani.