Kiti cha Pembeni kwa Zenzi

Hinterlohen, 13 Machi 1961

Burgi mwanangu,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe wote kumi na mmoja wazima. Kaka yako Lenz anakusalimu.

Utashangaa huu mwandiko ni wa nani. Ni wangu. Miaka sita yote Mama yako ndiye aliyekuwa akikuandikia, mimi nimekaa benchi la jikoni najifanya nasoma gazeti. Tangu atutoke Novemba hakuna wa kuniandikia. Leo nimekaa mahali pake na sijui mtu huanzia wapi.

Basi nianzie hapa: nyumba imekuwa kubwa mno. Njoo Pasaka. Treni ya saa tatu asubuhi kutoka Munich ingali inasimama pale stesheni, na barabara ya kuja kijijini ni ileile ya kilomita nne. Na huyo bwana wako, sijasema asije.

Baba yako


Munich, 21 Machi 1961

Baba,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia mnaendelea vizuri, na goti lako nalipa pole. Mimi mzima. Nyumbani kwangu hali ni ya kati na kati: daktari amemkataza Henning kupanda ngazi na kubeba mizigo, moyo wake haupigi sawasawa. Yeye anasema ni uchovu tu. Bado anatengeneza vinanda vya watu kwenye karakana yake, ila anakaa chini mara nyingi.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mama alikuwa akimalizia kila barua kwa maneno "Baba anakusalimu." Nilijua anasema uongo, na nilimpenda kwa uongo huo. Siku ya kumzika ulinipa mkono kama unavyompa mkono mkaguzi wa maziwa.

Sitakuja Pasaka, Baba. Nitakuambia sababu bila kuzunguka. Umeandika "huyo bwana wako." Ana jina. Nilipokuambia naolewa na Mlutheri wa Kiel, kule pwani ya kaskazini, ulikipiga ngumi kile kinanda kidogo cha nyuzi cha Mama, cha kupigia magotini, mpaka ubao ukapasuka, ukasema jina lake halitatajwa nyumbani kwako. Harusini Mama alikuja peke yake. Sasa nakuomba kitu kimoja. Liandike jina lake, utualike wote wawili. Siku hiyo tutakuja.

Binti yako,
Burgi


Hinterlohen, 10 Aprili 1961

Burgi mwanangu,

Salamu kwako, na Mungu akuweke. Huku sote wazima, ndama mmoja kazaliwa Jumatano Kuu, jike. Pasaka nilikwenda kanisani kubarikisha kikapu cha chakula mwenyewe, mayai na nyama na chumvi. Afra mke wa Lenz alisema nimefunga kitambaa kama bandeji. Tulikula watatu. Kwa mazoea ya zamani niliweka sahani tano, ya Mama yako na yako.

Ngoja kwanza nikupe habari ya kukuchekesha. Jana baada ya misa tukaenda kwa Zenzi kama kila Jumapili, mimi, Wastl na Girgl, tumelowa chapachapa. Kufika baa, kuna mtu amekaa kwenye meza yetu. Tena si kwenye meza tu, kwenye kiti changu hasa, kile cha pembeni karibu na jiko la vigae, chini ya msalaba, na kibao cha shaba kinaning'inia juu ya kichwa chake kikisema meza ina wenyewe. Jibaba refu, jembamba, kofia ya kibaharia imewekwa mezani. Amekumbatia mzigo uliofungwa blanketi kama mtu anayempeleka bata mzinga sokoni.

Nikamwambia, "Sogea, bwana. Hapo pana mwenyewe."

"Samahani," akasema, "kuna mtu namsubiri." Lafudhi ya kaskazini kabisa, kila neno limepigwa pasi.

Wastl akadakia, "Msikieni Mprusi! Anasubiri meli. Nahodha, bahari umeipita zamani."

Girgl naye akamuuliza tunavyomuuliza kila sura ngeni, "Kwani wewe ni wa nani hapa?"

Unajua, hakumtazama Girgl. Alinitazama mimi. Akasema, "Nilidhani nina wangu hapa. Labda nimekosea kijiji."

Nikamwambia, "Kijiji hujakosea. Umekosea nchi."

Burgi, baa nzima ilicheka. Zenzi alifuta machozi kwa aproni. Yule mtu akasimama, akalipia bia ambayo hakuimaliza, akauchukua mzigo wake kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka kwenye mvua. Mpaka sasa Wastl akiniona ananiita balozi wa nchi za nje.

Nimekusimulia ucheke, maana Mama yako angecheka. Sasa lile uliloniomba. Nimekaa nalo wiki tatu, nikikamua nalo, nikilala nalo. Henning. Nimeliandika, na mkono haukuniuma. Karibuni wewe na Henning tarehe mosi Mei, siku ya kusimamisha ule mti mrefu wa sherehe kijijini. Nitakuja stesheni na gari la farasi, ili Henning asitembee.

Baba yako


Hinterlohen, 6 Mei 1961

Burgi mwanangu,

Salamu. Je, u mzima? Naandika kwa sababu kimya chako kimekuwa kirefu.

Mti ulisimama vizuri, mita ishirini na nane, rangi nyeupe na bluu. Nilikwenda stesheni kwa treni ya saa tatu, na ya saa tano, na ya saa nane mchana. Mara ya tatu farasi alikuwa anajua njia mwenyewe. Afra alikuwa ameoka keki ya rubarbu. Tuliila mpaka Alhamisi.

Kama barua haikufika, niambie, nitaandika nyingine. Kama ilifika na nimekosea kitu, niambie pia. Jina nililiandika sawasawa, nililinakili kutoka kwenye barua yako.

Baba yako


Munich, 19 Mei 1961

Baba,

Mimi mzima. Barua zako zote mbili zimefika.

Ile ya kwanza ilipofika nilichungulia mwisho wake hapohapo kwenye ngazi, nikaona jina. Niliingia mbio jikoni nikamwambia Henning, kaa, nakusomea, Baba amekuandika. Nikaisoma kwa sauti kuanzia juu. Ndama, sahani tano, kwa Zenzi. Nilikuwa nacheka, Baba. Nilimwigiza Wastl. Nilipofika kwenye kofia ya kibaharia niliinua macho, na kofia ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango.

Aliniambia, "Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba yako anasimulia vizuri."

Alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kutazama kinanda cha kanisa mjini Freising. Kwenye blanketi lile kilikuwemo kinanda cha Mama, kile nilichokichukua Novemba na ubao wake uliopasuka. Alikitengeneza majira yote ya baridi akikificha nisikione. Alitaka kukuwekea mkononi kabla hujasema lolote. Kilomita nne kwa miguu kwenda, nne kurudi, na mzigo, na mvua.

Kiti kile alikikalia kwa sababu yangu. Ni mimi niliyewahi kumwambia, Baba hukaa pembeni karibu na jiko, chini ya msalaba. Misani hakuweza kuingia, basi akakaa mahali pako akakusubiri. Alidhani hapo ndipo hatakukosa.

Tangu tarehe mbili Mei amelazwa. Ameniomba nisikuandikie haya. Nakuandikia bila ruhusa yake.

Burgi


Hinterlohen, 22 Mei 1961

Burgi mwanangu,

Sijui nikuulizeje hali.

Barua yako ililetwa Jumamosi nikiwa zizini. Niliisoma nimesimama. Kisha nikapanda juu nikafungua kabati la Mama yako. Picha ya harusi yenu ipo chini ya mashuka, miaka sita ipo pale na miaka sita nimekataa kuitazama. Ni yeye. Mtu amekaa kwenye kiti changu ananitazama machoni, nami sikumjua kwa sababu nilikuwa nimeapa nisimjue. Ningeitazama picha hii mara moja tu, ningemwambia Zenzi alete bia ya pili.

Nimefanya mambo ya kijinga maishani, lakini hili si ujinga. Huu ni ubaya. Nakuambia wazi kwa sababu huko baa bado wanalicheka, na mimi ndiye niliyewafundisha kulicheka.

Nataka kuja hospitali nimwombe radhi. Nguo zangu za Jumapili nimezitoa nje zipate hewa. Lakini sitaingia chumbani kwa mgonjwa bila yeye kukubali. Yeye aliingia kwangu bila kualikwa na unajua alipokelewaje. Sina haki ya kufanya hivyohivyo kwake. Muulize. Akisema nije, nitumie neno moja tu, nitapanda treni siku hiyohiyo.

Mwambie Henning namsalimu. Safari hii salamu ni zangu kweli.

Baba yako


Munich, 27 Mei 1961

Baba,

Barua yako niliipata Jumatano mchana, nikaenda nayo hospitali, nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho. Akasema, "Mwambie aje. Ila aje Jumamosi, nipate kwanza kunyolewa." Tulicheka kidogo kuhusu ndevu zake. Nilikuwa nimeshanunua stempu.

Alifariki Alhamisi asubuhi, nikiwa njiani na barua ya kukujibu mfukoni.

Leo ndiyo hiyo Jumamosi. Tunamzika keshokutwa saa nne, makaburi ya kaskazini. Mama yake amefika kutoka Kiel.

Ungekuja bila kuuliza, Baba. Mara moja hii tu, ungekuja tu.

Burgi


Hinterlohen, 18 Juni 1961

Burgi mwanangu,

Pole. Nimeliandika neno hilo nikalifuta mara nyingi, mwishowe nimeliacha, maana sina lingine.

Barua yako ililetwa Jumatatu mchana. Saa nne ilikuwa imepita. Nilikwenda Jumanne. Nilimpata, udongo ungali mbichi, jina limeandikwa kwenye msalaba wa mti kwa rangi nyeusi. Nilivua kofia nikasimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Kisha nikaja mpaka mlangoni kwenu. Kwenye kengele majina bado ni mawili. Nilishindwa kubonyeza. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka treni ya mwisho ya mchana ilipokaribia, nikarudi. Sasa umejua, kama majirani walikuambia kuna mzee aliyekuwa anatazama madirisha.

Jumapili iliyofuata niliwaambia mezani. Wastl alikuwa ameanza tena, "Balozi, leo hakuna wageni?" Nikamwambia yule alikuwa mkwe wangu, na amekufa. Girgl aliiweka bia chini. Zenzi akaenda jikoni, hakutoka. Wastl akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukusema?" Nikamwambia, "Kwa sababu sikumjua." Ndipo akalia, jitu zima lile, maana alikumbuka maneno ya bahari.

Kiti cha pembeni nimekiinamisha, mgongo wake umeegemea meza, kama tunavyofanya kiti kikiwa kimewekewa mtu. Hakiketiwi. Mimi nakaa benchi la mlangoni, penye baridi. Hakuna aliyeniambia nihame. Nimehama mwenyewe.

Baba yako


Hinterlohen, 24 Septemba 1961

Burgi mwanangu,

Salamu. Hujajibu, na sikudai. Viazi vimetoka vizuri. Goti ni lilelile.

Siku ya Watakatifu Wote inakaribia. Kila nyumba itasimama kwenye kaburi lake, na kwetu pia, kwa Mama yako. Naomba ruhusa yako, asubuhi na mapema siku hiyo nije Munich niweke taa kwenye kaburi la Henning. Usipojibu sitakuja. Ama hapo pia nitakuwa nimekosea? Uliniambia ningekuja bila kuuliza. Sijui tena lipi ni lipi, Burgi. Nisaidie.

Baba yako


Munich, 25 Oktoba 1961

Baba,

Salamu. Nina afya, nimerudi kazini, nakula. Nawe natumaini u mzima, na goti.

Nilikaa kimya kwa sababu kila barua niliyoianza ilikuwa ya kukupiga. Halafu nilikuwa naikumbuka sauti yangu mwenyewe jikoni, nikimwigiza Wastl, na yeye amekaa pale ananisikiliza. Sikuweza kukupiga wewe peke yako.

Njoo uweke taa. Usiulize. Bonyeza kengele.

Na Jumapili, tarehe tano Novemba, nitakuja mimi. Usije stesheni na farasi. Nitatembea kilomita zile nne nikiwa na kinanda cha Mama kwenye blanketi lilelile, nijue uzito wake. Kina nyuzi zote. Nimekigusa mara moja tu, hakikwaruzi. Pale ulipopiga ngumi pameunganishwa vizuri hata kidole hakipaoni.

Mtakuwa misani. Nitaingia kwa Zenzi kabla yenu, nitakisimamisha kile kiti, nitakaa. Mtakapoingia usiniamkie, wala usinishike mkono kwanza. Mwache Girgl aniulize anavyomuuliza kila mtu, wewe ni wa nani hapa. Mimi nitanyamaza.

Utajibu wewe, Baba. Usiseme mimi ni wa nyumba yako, hilo wote wanalijua. Wajibu kwa jina lake, kwa sauti, mpaka Zenzi alisikie kule jikoni. Kisha vuta kiti uketi karibu yangu.

Binti yako,
mke wa Henning