Kabla Hamjaikataa Ruzuku

Wembley, London
Jumanne

Mdogo wangu mpendwa Aikaeli,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana wetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na wote hapo Machame wanaendelea vizuri. Mimi bado nahema. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari amenieleza kwa adabu kwamba hatazamii nifike Pasaka. Usilie kabla hujamaliza kusoma. Kuna jambo kuhusu maisha yangu ya huku ambalo nimekuficha tangu mke wangu Sesilia alipofariki, na usipolijua kabla ya Jumapili, wewe na wazee wenzako wa kanisa mtafanya kosa kwa ajili yangu.

Anayekuletea barua ni Kelvin, mjukuu wako, anayesafiri keshokutwa. Nilitaka kupiga simu, lakini nikianza kusema pumzi inakata, nawe unanikatiza kwa kunipa pole. Karatasi haitanipa pole.

Kwanza lile neno. Umeniambia katibu wa usharika alilikuta mtandaoni, disendowment, akasimama kikaoni akatangaza kwamba maana yake ni serikali kufunga makanisa. Nimefundisha historia miaka mingi, Aikaeli, na sikumbuki neno lililonichosha kama hili. Hakuna kanisa linalofungwa. Maana yake ni kwamba serikali inachukua tena mali, ardhi au fedha ilizolipa kanisa, na kuliacha lijiendeshe kwa sadaka za waumini wake. Kengele inaendelea kulia, ila mfuko wa serikali haupo tena. Wala si sawa na kulivua kanisa cheo cha kuwa kanisa la taifa. Hilo ni jambo jingine, ingawa kule Wales mambo yote mawili yalifanyika pamoja, miaka mia moja na kitu iliyopita, na mali ya zamani ya kanisa ikagawiwa halmashauri na chuo kikuu.

Hayo ndiyo niliyoyaeleza kwenye ujumbe wa sauti mlioniomba mwaka jana, pale diwani wenu alipoanza kudai apewe nafasi madhabahuni kila sikukuu ya mavuno, eti kwa sababu serikali ndiyo inayowalipa manesi wa zahanati ya usharika. Nilizungumza karibu nusu saa. Nilieleza Wales, nikaeleza Ireland, nikaeleza faida na hasara. Ninyi mkachomoa sentensi moja, kwamba kanisa linalolishwa na serikali haliwezi kuikemea, mkaifanya amri. Nasikia spika ya kuichezea sauti yangu huwekwa mezani karibu na Biblia. Nasikia mzee Godlisten alipojaribu kupinga aliulizwa kama naye amesoma London, watu wakacheka, akakaa. Na sasa Jumapili baada ya ibada mnapiga kura ya kuirudishia serikali ruzuku ya manesi hao, nawe, mwenyekiti, umeshatangaza kwamba kura yako ni ya kaka yako.

Nani alikuomba? Manesi wale wawili wakiondoka, mama mwenye uchungu atashushwa bondeni kwa pikipiki, usiku, kwenye matope. Nilipokuuliza hilo, ulinijibu kwa furaha kwamba mtalibeba kwa imani. Imani ya nani, Aikaeli? Nimekasirika tangu siku hiyo. Nimemkasirikia diwani, nikamkasirikia katibu, nikakukasirikia wewe, na hasira yote hiyo haijafika nusu ya ile niliyo nayo juu yangu mwenyewe.

Jirani yangu Madhu ndiye aliyenibana. Ni mjane wa Kihindi aliyezaliwa Moshi mjini, na Kiswahili chake bado ni cha dukani kwa baba yake. Alikuja na chai ya tangawizi akanikuta namfokea Kelvin, ambaye hana kosa lolote isipokuwa kunijibu kwa Kiingereza kila ninapomsemesha. Kelvin akamsimulia habari yote. Madhu alicheka mpaka akaweka birika chini. Akasema, Mwalimu, hiyo serikali yako ikija kuchukua vyake, mimi na wewe tutalala kituo cha basi, na wewe unakoroma. Nikamwambia hayo ni mambo tofauti. Akavuta kiti, akasema haya baba, nieleze tofauti, chai ipo na muda upo. Badala ya kumweleza, nilimwomba Kelvin karatasi.

Basi lisome jambo lenyewe nililokuficha. Nyumba ya Kenton, ile uliyotundika picha yake sebuleni, si yangu tena. Iliuzwa ili Sesilia apate matunzo katika ugonjwa wake. Ninaishi katika chumba kimoja cha nyumba za wazee za parokia ya hapa. Ardhi yake kanisa lilipewa zamani na mfalme, na kodi ya pango ya maduka yaliyojengwa upande wa barabara ndiyo inayowasha hita yangu na kumlipa dada anayekuja kuniogesha. Hii ndiyo mali ambayo neno lile linaisema, Aikaeli. Hapa hakuna aliyeichukua. Ingechukuliwa, nisingekuwa na mlango wa kufunga. Wala sijazibwa mdomo. Kasisi wao nambishia kila akija, naye hurudi.

Sisemi diwani apewe madhabahu. Mnyimeni, na mwambieni manesi wanalipwa kwa kodi ya wananchi, yako ikiwamo. Lakini msiwaondoe manesi kwa ajili yangu. Jumapili, zima spika, wasomee barua hii yote, hata sehemu inayoniaibisha, kisha upige kura yako wewe.

Nisalimie wanao wote, na mzee Godlisten umwombe radhi kwa niaba yangu. Neema ya Mungu ikae nawe, na tukikosa kuonana hapa, tutaonana kwake. Wakikuuliza Mwalimu alibadilika lini, usinitetee. Siku niliporekodi ile sauti, nilikuwa nimeketi juu ya kitanda hiki cha parokia, na nilikuwa nimeshalala humu miaka sita.

Kaka yako akupendaye,
Philemon