Akirudia, Achomwe

Jumatatu, 5 Februari
Shule tangu asubuhi. Watoto wangu wa chekechea wameimba mpaka kichwa kinaniuma. Maji hayajaletwa. Ilyas ana mafua na mwili wa moto kidogo, nimempa dawa ya homa. Hooyo (ndivyo ninavyomwita mama mkwe) kamfunika mashuka mawili katika joto hili la Habaswein. Nimefunua. Kafunika tena. Ndiyo maisha yetu hayo, mimi nafunua na yeye anafunika. Abdi yuko njiani na lori lake la maji, Dadaab au mbele ya Dadaab. Simu haishiki.

Jumanne, 6 Februari
Usiku. Silali, basi naandika.
Ilyas alikaza mikono. Macho yakapinduka juu, weupe mtupu. Kisha mwili mzima ukatetemeka, povu mdomoni. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mgumu mikononi mwangu kama gogo. Nilipiga kelele hadi jirani akaja. Hooyo alikuwa anasoma Ayatul Kursi na kumpulizia usoni. Mimi sikusoma chochote. Niliita jina lake tu. Kisha akalegea, akakoroma, akalala.
Nilidhani amekufa. Sitaki kuliandika tena neno hilo.

Jumatano, 7 Februari
Kliniki. Daktari ni kijana wa bara, mpole. Anasema ni degedege ya homa, watoto wengi hupata na wengi hukua wakaiacha. Alazwe ubavu. Avuliwe nguo. Asitiwe kitu mdomoni, hata kijiko. Ikirudi, aletwe mbio adungwe.
Adungwe! Kama mbuzi wa chanjo. Kwetu sindano huchomwa. Kiswahili cha bara hunikera hata mtoto wangu akiwa mgonjwa.
Hooyo alikuwa ameketi nje. Akataka kujua daktari kasemaje. Kisomali changu ni cha sokoni, salamu na bei. Kiswahili chake nacho ni hivyo hivyo. Nikamwambia polepole, kwa maneno yetu ya Lamu, nikiona nimemrahisishia: akirudia, achomwe.
Alinitazama kwa mshangao. Kisha akatabasamu. "Hiyo daktari iko akili," akasema. Sijawahi kumsikia akimsifu mtu wa hospitali. Nimerudi nyumbani na furaha ambayo naionea haya, kwa kuwa hatimaye tuko upande mmoja.

Ijumaa, 9 Februari
Homa imeshuka. Hata hivyo silali. Namwamsha nione kama anapumua. Analia, nami nakifurahia kilio chake.
Abdi amepiga simu. Swali lake la kwanza: Mama anasemaje? Nilikata.
Mwalimu mkuu ananitaka Jumatatu bila kukosa. Hooyo atabaki na Ilyas. Nimemwonyesha kumlaza ubavu, nimemwonyesha kumvua nguo. Akasema nisiwe na wasiwasi, anajua la kufanya.

Jumatatu, 12 Februari
Sijui nianzie wapi.
Nimerudi mchana. Harufu ya kuungua ilinipokea mlangoni nikadhani ni chakula. Ilyas yuko mkekani, sauti imemkauka kwa kulia. Kifuani madoa ya mviringo, mekundu, ngozi imetoka. Mengine mawili kwenye kipaji cha uso. Msumari bado uko kwenye jiko la makaa.
Degedege ilimrudia asubuhi, mimi nikiwa shuleni naimbisha watoto wa wenzangu.
Nilimtukana Hooyo matusi ambayo sikujua kama ninayo. Hakujitetea. Hakuonekana mwenye kosa hata kidogo. Alishangaa tu, kama mtu aliyetumwa dukani akarudi na alichoagizwa kisha akapigwa kofi.
"Wewe nasema achomwe. Daktari nasema. Mimi nachoma. Sasa atabona."
Nikakaa chini palepale, na sare yangu ya shule.
Abdi ana alama kama hizo kifuani. Miaka yote hii nilidhani ni tetekuwanga.

Jumanne, 13 Februari
Daktari kasafisha vidonda. Kamdunga sindano. Naandika kamdunga, kwa maana lile neno langu siliwezi tena.
Aliuliza ni nani aliyefanya hivi. Nikasema bibi yake. Kweli ni bibi yake. Lililobaki nililimeza, na Hooyo alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika mkoba wa nepi.
Mimi mwoga.

Jumamosi, 17 Februari
Kidonda cha kifuani kimetunga usaha. Kinaleta homa. Na homa ndiyo inayoleta degedege. Namkanda kwa kitambaa cha maji mchana kutwa, namtazama vidole. Kikicheza kidole kimoja, namgeuza ubavu.
Abdi amefika. Alimtazama mtoto muda mrefu, mkono wake juu ya shati lake mwenyewe, kifuani. "Mimi nilipona," akasema. Nilimchukia. Nilipomweleza habari ya lile neno, alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.
Nikamtaka amwambie mama yake kwa Kisomali safi, asipunguze kitu. Asimguse mtoto. Asiingie chumbani usiku, hata akisikia nini. Abdi alisita. Nikamwambia aseme au niondoke na mwanangu nirudi kwetu. Akasema. Hooyo alisikiliza hadi mwisho, akakunja mkeka wake mwenyewe akautandika uani.
Nilitaka iwe hivyo. Sijisikii vizuri.

Jumatano, 21 Februari
Kidonda kinakauka. Hajachemka tangu jana. Abdi kaondoka na lori alfajiri.
Jirani anakaa na Ilyas nikiwa shule. Hooyo yumo uani, hatua chache, anapika, anafua, haji. Asubuhi huweka kikombe cha maziwa ya ngamia kizingitini akaondoka. Ilyas akimwona humwita Ayeeyo, bibi, na kumnyooshea mikono. Leo nilimbeba nikamgeuzia ukutani.

Jumapili, 25 Februari
Imerudi usiku huu. Mafua mengine, homa ya ghafla.
Nilimlaza ubavu. Nikamvua shati. Nikakaa nikimshika mgongo mpaka mtetemeko ukaisha. Sikupiga kelele. Safari hii haikudumu. Sasa amelala, anapumua vizuri, mwili unapoa.
Nilitoka kuchota maji. Hooyo alikuwa ameketi mkekani, wima, tasbihi mkononi. Kati ya mkeka wake na kitanda chetu pana pazia la mlango tu. Alisikia kila kitu tangu mwanzo, akakaa pale pale nilipomwambia akae.
Nikamwambia amelala. Akasema alhamdulillahi. Akauliza kama anaweza kumwona kidogo.
Nikasema kesho.