Mayai ya Katibu na Maji ya Sufuria

Jumatatu, 3 Agosti

Samaki wamefika! Mwalimu wa Biolojia amewaleta mwenyewe, ndoo ikiwa kwenye siti ya mbele ya gari, imefungwa mkanda. Likizo hii maabara inaezekwa upya, na katika klabu yote ya sayansi amenichagua mimi niwalee.

Wako wawili, bapa, wana milia myeusi. Dume ni Mheshimiwa, maana hutuna na kuzunguka kutwa bila kufanya kazi yoyote. Jike ni Katibu. Kazi zote ni zake.

Tulipomaliza kujaza tangi, Mwalimu alinivuta pembeni. Amehamishwa. Atarudi Jumatano ya wiki ijayo kuwaaga, kisha ndiyo basi. Miaka yote hii Katibu ametaga na kutaga, na kila mara mayai yamegeuka meupe na kuoza. Mwalimu hajawahi kuona hata kitoto kimoja. Alilisema hilo akiwatazama samaki, si mimi. Anashuku maji. Hawa kwao ni maji laini, na ya shule ni magumu.

Basi wamekuja pazuri! Sisi tunatumia kisima. Birika letu lina ukoko mweupe ndani kama limepigwa plasta.

Lakini nataka aondoke ameona. Hata kimoja tu.

Jumanne, 4 Agosti

Nimetengeneza chujio. Ndoo yenye matundu, kitambaa, changarawe, mchanga, mkaa uliopondwa. Mchanga nimeuosha mpaka mikono imekufa ganzi. Maji yakatoka yanang'aa. Nikajiona nimemaliza kazi.

Halafu nikapima kama tulivyofundishwa: maji kidogo kwenye kichupa, kipande cha sabuni, tikisa. Povu, maji ni laini. Utando wa kijivu, ni magumu.

Utando. Tena mzito.

Bila shaka! Madini yaliyoyeyuka hayashikwi na mchanga. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nikalipata! Baba alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Profesa," akasema, "umeyachuja hadi yamebaki kisima kitupu."

Akatoka kwenda kumsimulia jirani. Nilisikia jirani akicheka kupitia ukuta.

Jumatano, 5 Agosti

Kukeneka! Ndilo jibu. Maji yawe mvuke, mvuke urudi kuwa maji, madini yabaki chini yakijitafakari.

Nimemwomba Mama sufuria kubwa ya wageni. Amekubali kwa sharti kwamba nitumie jiko la mkaa, nje, nisiguse gesi yake. Ndani ya sufuria nimeweka jiwe, juu ya jiwe bakuli. Maji ya kisima pembeni, yasifike ukingo wa bakuli. Mfuniko nimeugeuza kichwa chini, kishikio kikaelekea bakuli, na juu yake kitambaa kilicholowa maji baridi. Mvuke unapanda, unakutana na baridi, unateremka hadi kwenye kishikio. Tone. Tone.

Inachosha kuliko hotuba ya ufungaji wa shule. Lakini jioni nilikuwa na kikombe kizima, na nilipotikisa na sabuni, povu likafika kwenye kizibo! Nilipiga ukelele. Mama akatoka mbio na mwiko akidhani nimeungua. Akaliangalia povu, akaniangalia mimi.

"Ndiyo hii tu?" akauliza.

Ijumaa, 7 Agosti

Naishi na wezi.

Jana niliacha jagi dirishani. Shangazi akaoshea nywele. Nilimsikia akimwita Mama: "Wifi, njoo uguse! Hariri!" Yaliyobaki Bibi akalowekea meno yake. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba yale ni maji ya samaki. Akasema samaki wana meno yao na yeye ana yake, na ya kwake ndiyo ya kutoka.

Leo nikakuta na chupa niliyoijaza jana usiku ni tupu. Baba! Ameyatia kwenye betri ya gari. Hakuomba hata radhi. "Limewaka mara moja, Profesa. Sijaona."

Chupa mpya nimeiandika MAJI YA MHESHIMIWA, MSIGUSE, nikaificha chini ya kitanda changu. Nimekeneka tangu asubuhi. Nanuka moshi. Sijali.

Jumamosi, 8 Agosti

Yametosha! Nimebadilisha maji ya tangi, polepole, kikombe kwa kikombe. Mwalimu alishaonya kwamba maji yaliyokenekwa matupu nayo yanaumiza samaki, kwa hiyo nimebakisha sehemu moja ya kisima kwa sehemu tatu za sufuria.

Katibu ameanza kusugua kwa mdomo kigae kilichoegemezwa ndani ya tangi, anasafisha pa kutagia. Anasugua anapumzika, anasugua anapumzika. Mheshimiwa anakagua.

Jumapili, 9 Agosti

MAYAI! Safu kwa safu juu ya kigae, maangavu kama shanga za kioo! Mheshimiwa anayapepea kwa mapezi. Anafanya kazi! Bibi kasema angeambiwa asingeamini, na kwamba Babu hakuwahi kufanya hata hivyo.

Jioni nimeongeza maji kwenye tangi, kuyapunguzia ugumu zaidi. Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nilisahau kwamba nimekeneka mengi kiasi hicho. Nimeimaliza yote.

Sijampigia Mwalimu. Naogopa kumpa matumaini.

Jumatatu, 10 Agosti

Meupe. Karibu safu zote za juu. Meupe kama wali.

Nimepima maji ya tangi. Utando. Nikapima matone yaliyobaki kwenye chupa.

Utando!

Wakati wa chakula nikaweka chupa mezani na kuuliza ni nani. Shangazi akasema nywele zake ni safi, nithibitishe. Baba akasema tangu siku ile hajaingia chumbani kwangu. Bibi akatoa meno na kuyaweka mezani kama ushahidi.

Mama hakuinua kichwa. "Mimi," akasema. "Juzi nilikukuta umesinzia kando ya jiko, sufuria imekauka. Nikasema nimpunguzie mtoto kazi. Nikakujazia."

"Ukajaza nini, Mama?"

"Maji, mwanangu. Maji si maji?"

Bibi akaangua kicheko. Baba naye. Mimi sikucheka. Nilisema, "Umeyaua." Nilisema hivyohivyo, kwa mama yangu, mbele ya watu.

Mama akaondoka mezani. Baadaye nikasikia mkaa unavunjwa uani.

Jumanne, 11 Agosti

Nimeamka nikakuta sufuria inachemka, na kitambaa juu ya mfuniko ni kile cha Mama cha kutokea. Na gesi yake nayo inawaka jikoni, ina sufuria ya pili.

"Mfuniko ukipata joto badilisha maji ya juu," akanieleza. Akanieleza mimi!

Kumekuwa kiwanda. Baba anateka kisimani na kulalamika. Bibi amekaa na kikombe cha maji baridi, ananyunyizia kitambaa na kuutukana mfuniko. Shangazi amefunga kilemba. Kasema nywele zitasubiri. Nimebadilisha maji ya tangi kutwa, kidogo kidogo. Katibu anayala mayai meupe, moja moja, bila kusikitika. Yaliyobaki ni machache, yote ya safu ya chini.

Jioni nimemwomba Mama msamaha. Akasema nishike vizuri hiyo chupa.

Kwenye kila yai kuna kidoa cheusi. Au ni macho yangu.

Jumatano, 12 Agosti

Naandika haya kwenye ngazi ya jikoni kwa sababu mbele ya tangi hakuna nafasi. Watu wazima wamejaa.

Mwalimu amefika mapema. Nilipanga kumweleza kwa utaratibu: tatizo, mbinu, matokeo. Nikasema tu, "Yapo machache." Akavua viatu mlangoni kama anaingia mahali pa ibada, akapiga magoti kwenye sakafu na suruali yake ya safari. Hajainuka tangu hapo.

Vidoa si macho yangu. Ni macho yao. Tangu saa nne kuna kitu kinapiga ndani ya mayai, chembamba kama uzi. Mkia, nadhani. Lakini hakuna kilichotoka, na mawili yameanza kupata weupe pembeni.

Mama amekuja na chupa mpya, maji bado yana uvuguvugu. Nilitaka kumwomba niyapime. Sikuwahi. Amemimina kidogo kwenye kichupa, akatia kipande cha sabuni, akatikisa, akaniinulia nione. Povu mpaka juu. Kaiweka chupa dirishani ipoe, akarudi kwenye sufuria.

Bibi anauliza basi la safari ya Mwalimu linaondoka saa ngapi. Mwalimu anasema lishaondoka.

Baba ananiita kwa kunong'ona, na Baba hajui kunong'ona, nyumba nzima inasikia: "Profesa! Acha kuandika! Lile yai la mwisho, huku chini, limepasuka, kitoto kina—"