Wiki ya Tisa Ubaoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma na kwamba jirani amekurudishia ngazi yako. Sisi ni wazima. Mkwe wako anakusalimu. Kikohozi kimemwachia, mikoromo bado.

Naanza na jambo lenyewe, maana najua barua zangu huwa unazisoma kuanzia mwisho: nina mimba. Usipige vigelegele kwanza. Soma taratibu.

Muhula huu nafundisha kidato cha tatu jinsi mwili unavyojiweka sawa, kisha hatua za kukua kwa mimba. Hiyo ya kwanza niliimaliza kwa siku nne. Niliwaeleza kwamba joto likizidi tunatoka jasho, baridi ikiingia tunatetemeka, na ndani mambo yanabaki vilevile. Msichana mmoja wa dawati la mbele, asiyejua kunyamaza, akauliza kama hofu nayo mwili unaiweka sawa. Nikamjibu kwamba hiyo haimo kwenye mtihani.

Hatua za mimba zilitakiwa kuchukua wiki moja. Mimi nikazivuta nusu muhula. Kila Jumatatu nilichora picha moja tu ubaoni: wiki ya nne moyo umeshaanza kupiga, ya tano mikono ni vinundu, ya saba vidole vinaanza kuachana. Siku zilizobaki niliwapa marudio. Nilikuwa nachora ya kwangu, mama. Nilihesabu kama kitabu kinavyohesabu, tangu mbegu ilipokutana na yai, na ubao ukaenda sambamba na tumbo.

Jumatatu ya wiki ya tisa mkono uligoma. Nikawaachia picha ya nane. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akasema wenzangu wameshafika kwenye mada ya urithi na mimi bado nimeotamia. Akanipa mpaka Ijumaa, la sivyo darasa analichukua mwalimu wa kemia. Nikasema sawa, mkuu.

Sasa hapa ndipo pagumu. Ile mara ya kwanza niliyokuandikia kwamba nimelazwa kwa malaria, haikuwa malaria. Na ile ya pili, ya vidonda vya tumbo, hapakuwa na vidonda. Mimba zote mbili zilitoka, na kwenye kadi zote mbili daktari aliandika wiki ya tisa. Nilikudanganya kwa sababu sikuweza kukuona ukilia juu ya kilio changu. Nisamehe, mama. Safari hii hata kliniki niliikwepa, nikisema nitakwenda wiki hiyo ikishapita.

Alhamisi mkwe wako alinishika mkono akanipeleka. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani, hakutaka hesabu yangu. Aliuliza siku zangu za mwisho niliziona lini, akageuza kigurudumu chake cha karatasi cha kuhesabia wiki, akasema kumi na moja. Nikambishia kwamba ni tisa, mimi ni mwalimu wa biolojia. Alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba hospitali huhesabu tangu siku za mwisho, wiki mbili kabla mbegu haijakutana na yai, na hata kadi zangu mbili zilihesabiwa hivyo. Loo! Ile wiki niliyokuwa naiogopa ilipita wakati ubaoni nachora ya saba. Nilikuwa nimekaa nasahihisha madaftari. Kisha akaniwekea kile chombo tumboni, nikausikia moyo. Nililia mbele ya wagonjwa wote, na sikuona haya.

Ijumaa nilichora picha zote hadi kuzaliwa, kipindi kimoja. Mkuu alichungulia dirishani, akaenda zake. Yule msichana alipoleta daftari mezani aliniambia hongera, kwa sauti ya chini, yeye asiyejua kunyamaza. Sijui alijua tangu lini.

Kinachoniuma ni kwamba dada zangu wote umewahesabia wewe kwa vidole, na siku zote ulianza na swali lilelile la nesi. Ningekuambia, ungenisahihisha siku ya kwanza. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wako naomba aje bila majuto. Siku zangu za mwisho zilikuwa tarehe kumi na mbili, mwezi wa pili. Hesabu wewe, mama. Mimi nimeacha.

Mpe baba shikamoo yangu, na umwambie polepole, moyo wake tunaujua. Dada zangu waambie mwenyewe, utakavyo.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako